Mzee Aanzapo Kusahau, Haki Yake ni Ipi?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, ambaye humtoa mja katika udhaifu wa utoto akampa nguvu, kisha akamrejesha katika udhaifu wa uzee, na yote mawili ni kwa hekima Yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Imetufikia barua ya ndugu yetu mmoja mwenye asili ya pwani, akaaye pamoja na babake na nduguze huko Mukuyuni, katika Makueni, kwa ajili ya biashara. Mukuyuni ni mji wa soko katika nchi ya Wakamba, na maana ya jina lake haimpotei Mswahili: ni mahali penye mkuyu. Ndugu huyu atueleza kwamba baba yao, mwenye umri wa miaka yapata sabini na mitano, ana duka la nafaka, na kwa muda wa mwaka na zaidi amekuwa mtu wa kusahau. Mteja hulipa asubuhi, na jioni hudaiwa tena. Siku moja alisali Alfajiri, akakaa kidogo, kisha akainuka akaisali mara ya pili. Mara mbili ameshindwa kuijua njia ya kutoka sokoni kwenda nyumbani, njia aliyoipita miaka thalathini. Na siku nyingine yu mzima kabisa: hesabu zake sawa, Yasini yake aisoma kwa moyo bila kupungua herufi, na nasaha zake ni zile zile alizowalea nazo.

Wanawe wamekhitilafiana. Mkubwa wao asema baba amerogwa na watu wa soko kwa husuda, na ataka aletwe mganga. Wa pili asema huu ni uzee tu, na kuutaja ni kumvunjia baba heshima, basi na aachwe kama alivyo na watu wasijue. Wa tatu asema duka litaanguka, na ya kheri ni kumnyang'anya funguo leo na kuandikisha kila kitu kwa majina ya watoto. Mwenye kutuandikia ni wa nne, naye hajui amfuate nani. Lakini atuambia neno moja alilolisema baba yao mwenyewe usiku mmoja alipokuwa na akili zake timamu: "Wanangu, siku nitakapokuwa sijui, msiniache nikajidhalilisha. Lakini madamu najua, msinifanye kama sijui."

Twaona kwamba mzee huyu amewatangulia wanawe kwa fiqhi. Neno lake lina mizani yote ya jambo hili, na sisi tutajaribu kulifafanua kwa kadiri ya tulichojaaliwa. Wala tusidhani ya kuwa hili ni suala la nyumba moja ya Mukuyuni. Katika mitaa yetu ya Mombasa, Lamu, Malindi na Unguja ni nyumba ngapi zenye mzee wa namna hii? Tofauti ni kwamba wao wameuliza, na sisi twanyamaza.

NI KITU GANI HIKI?

Kwanza yapasa tukijue kitu chenyewe, kwani kuhukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Kila mtu husahau, na uzee huongeza. Mzee anayesahau jina la mtu kisha akalikumbuka baadaye, au aliyeweka miwani akaitafuta, huyo hana maradhi. Lakini kuna hali iliyo baina ya usahaulifu wa kawaida na ugonjwa mkubwa. Mwenye hali hiyo kumbukumbu yake imepungua kuliko wenzake wa umri wake, na watu wa nyumbani wameliona jambo hilo, lakini bado ajivalia nguo, ajipikia chai, aenda msikitini, na mengi ya mambo yake ayaendesha mwenyewe. Matabibu huiita hali hii upungufu mdogo wa akili. Si kila aliye nayo huzidi. Wako wanaobaki hapo hapo kwa miaka, na wako wanaorejea kuwa wazima, khasa ikiwa sababu yake ilikuwa ni kitu kinachotibika. Na wako wanaoendelea mpaka wakafika kwenye ugonjwa uitwao dimenshia, ambao humzuia mtu kuyaendesha maisha yake ya kila siku.

Ugonjwa huu ni wa ubongo, kama vile pumu ilivyo ya kifua. Aina yake iliyo kubwa kabisa inaitwa kwa jina la tabibu wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mara ya kwanza mwaka 1906. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hiyo huwapata sana wenye shindikizo la damu na kisukari, maradhi ambayo hayaikosi nyumba ya pwani. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba wenye dimenshia ulimwenguni wamezidi milioni 55, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizokuwa tajiri, mfano wa zetu. Basi asemaye kwamba haya ni maradhi ya Wazungu hana khabari.

Huko Makueni kwenyewe jambo hili limechunguzwa. Taasisi ya Nairobi ya utafiti na mafunzo ya afya ya akili, iliyoasisiwa na Profesa David Ndetei, imefanya kazi miaka mingi katika vijiji vya Makueni. Kwa njia ya mradi uitwao STRiDE, ulioanza mwaka 2018 katika nchi saba, Kenya ikiwa mojawapo, watafiti walikaa na wagonjwa, na wenye kuwauguza, na wahudumu wa afya, wakawasikiliza. Waliyoyasikia ni yale yale ya barua yetu: huyu asema ni uzee tu, huyu asema ni uchawi, na huyu amcheka mgonjwa. Kisha wakajaribu kuwatumia wahudumu wa afya wa vijijini kuzungumza na watu ili kuiondoa ile dharau. Katika kaunti hiyo hiyo walikalishwa pamoja, katika kazi nyingine, matabibu na waganga wa kienyeji na viongozi wa dini, wakazungumza juu ya wagonjwa wa akili. Wengi wa watu wa Makueni si Waislamu. Hekima ni kitu kilichompotea Muumini, popote aionapo ana haki nayo. Yatupasa tuone haya kuwa wao wamelianza jambo ambalo sisi, wenye kuhimizwa wema kwa wazazi kila Ijumaa juu ya mimbari, hatujalianza.

RAI YA KWANZA: AMEROGWA

Sasa tuzitizame rai za ndugu hawa watatu. Ama mwenye kutaka mganga, tunamwambia kwamba Mtume (S.A.W.) ametukataza kumwendea mwenye kudai kuyajua ya ghaibu, na akatuonya kwamba mwenye kumwendea na kumuuliza hatakubaliwa sala zake siku arubaini. Mganga atakula mbuzi na fedha, atamtaja jirani kuwa ndiye mchawi, na atawaachia ugonjwa ule ule pamoja na uadui mpya. Kumsomea mgonjwa Qur'ani na kumuombea dua ni jambo la Sunna, na mwana ndiye aliye bora wa kumsomea babake bila ya ujira. Lakini kusoma hakumzuii mtu kwenda hospitali, kwani Mtume ametuamrisha tujitibu, akatueleza kwamba hapana ugonjwa alioushusha Mwenyezi Mungu ila ameushushia na dawa, isipokuwa ukongwe.

Wala hili la uchawi si mchezo. Mzee aliyepotewa na njia usiku, akakutwa mlangoni pa nyumba isiyo yake, hawezi kueleza amefuata nini, huyo machoni pa wajinga ni mwanga. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma ya uchawi. Na katika Kilifi, mlangoni petu, wazee wameuawa mwaka baada ya mwaka kwa tuhuma hiyo hiyo, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pana shamba linalotamaniwa na jamaa. Imefika hadi huko Ganze, pahala paitwapo Kaya Godoma, pakafanywa makimbilio ya wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Kila alisemaye neno "amerogwa" au "ni mchawi" juu ya mzee mwenye kusahau, na ajue kwamba atia kuni katika moto huo.

RAI YA PILI: NI UZEE TU, NYAMAZENI

Rai hii yaonekana kuwa ni adabu, na ndani yake mna madhara. Kwanza, mwenye kusema ni uzee tu amfungia mgonjwa mlango wa tiba. Kuna mambo mengi yanayomsahaulisha mtu na yakatibika: upungufu wa baadhi ya vitamini, tezi ya shingo kutofanya kazi vyema, huzuni nzito ya moyo, masikio kuziba, maradhi ya kuambukiza, hata dawa nyingine anazomeza mtu bila ya mpango. Mzee aliyeanza kusahau na apelekwe kwa tabibu, apimwe damu, shindikizo na sukari, na masikio na macho yake yatizamwe. Mwaka 2024 wataalamu waliokusanywa na jarida la tiba la The Lancet walieleza kwamba karibu maradhi 45 katika kila 100 ya dimenshia yangaliweza kuzuilika au kuchelewa lau mambo 14 yangaliondolewa. Miongoni mwake ni shindikizo la damu, kisukari, tumbaku, pombe, uziwi na upungufu wa macho usiotibiwa, kukaa bila ya kutembea, na upweke. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ya Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii laki moja, wakapewa vifaa vya kupimia shindikizo na sukari majumbani. Anayepita mtaani kwenu mfungulieni mlango.

Pili, kuficha kunamwacha mzee bila ya ulinzi. Majirani wasiojua hawatamrudisha akipotea. Mteja mwenye hila atalipwa chenji mara mbili, na mteja muaminifu atatukanwa kuwa hakulipa.

Na hapa pana mfano katika elimu yetu wenyewe ambao twaona unafaa kuandikwa juu ya milango. Wanazuoni wa Hadithi walikuwa wakiwachunguza wapokezi, na miongoni mwao wako waliochanganyikiwa na kumbukumbu uzeeni. Hawakuwaita waongo, wala hawakuzitupa elimu zao. Waliuliza: huyu alipokea kwake kabla ya kuchanganyikiwa au baada yake? Ya kabla wakayakubali, ya baada wakayaacha. Jarir bin Hazim wa Basra, aliyefariki mwaka 170 wa Hijra, alipatwa na jambo hilo, na alikuwa na wana walio watu wa Hadithi. Walipoiona hali yake walimkinga na watu, hata asipatikane mtu aliyesikia kwake neno katika wakati wa kuchanganyikiwa. Tazameni kitendo cha wana hawa. Hawakujifanya hawaoni, wala hawakumtangaza kwa kumfedhehesha. Waliilinda amana ya baba yao asije akaivunja bila ya kujua, na kwa hivyo jina lake likabaki safi mpaka hii leo. Huko ndiko kusitiri kwa haki. Kusitiri ni kumlinda mtu, na mwenye kumwacha mzazi aangamie ili yeye asione haya mbele za watu, huyo amejisitiri nafsi yake.

RAI YA TATU: MNYANG'ANYENI FUNGUO

Ama mwenye rai hii huenda ikawa nia yake ni njema, na huenda ikawa jicho lake li katika urithi. Moyo wake aujua Mola wake. Sisi twasema juu ya kitendo.

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, Mwenyezi Mungu ametufunza namna ya kuandikiana deni. Humo mna mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni kwamba kusahau kumetazamiwa tangu mwanzo: twaamrishwa tuandike, na tuweke mashahidi, ili mmoja akipotewa na jambo, mwenziwe amkumbushe. Dawa ya kusahau, basi, ni kalamu na mwenzi. La pili ni kwamba mwenye deni akiwa ni dhaifu, au hawezi kuisomesha hati mwenyewe, msimamizi wake aisomeshe kwa uadilifu. Usimamizi umeruhusiwa, lakini umefungwa kwa vifungo viwili: kutoweza kwa mwenyewe, na uadilifu wa msimamizi. Kikikosekana cha kwanza huwa ni unyang'anyi, na kikikosekana cha pili huwa ni khiana.

Kwa hivyo kanuni tunayoiona ni hii: haki ya mtu huhama kwa kadiri ya uwezo uliohama, wala haizidi hapo, na heshima yake haihami kabisa. Mzee ashindwaye kuhesabu fedha za jioni na awekewe mwana wa kuhesabu naye. Hilo halimpokonyi haki ya kusema mchele ununuliwe wapi. Mzee apoteaye njia na afuatane na mjukuu. Hilo halimfungi nyumbani. Na asiyekumbuka aliyoyala asubuhi huenda akajua vyema ni binti yake yupi ataka akae naye, na neno lake katika hilo lasikilizwa.

Wala tusifanye pupa kumkadhibisha mzee. Katika Sura ya Yusuf twasoma khabari ya Nabii Yaqub (A.S.) alipoihisi harufu ya mwanawe aliyepotea miaka mingi. Alichelea kwamba waliokuwa naye wangemdhania amepotewa na akili kwa uzee, na kweli ndivyo walivyomwambia, kwamba yumo katika upotevu wake wa zamani. Kisha ikaja ile kanzu, na ikadhihiri ya kuwa mzee ndiye aliyejua na vijana ndio wasiojua. Basi kila aliyezowea kusema "mwacheni huyo, keshachanganyikiwa" kabla ya mzee kumaliza kauli yake, na aisome sura hiyo.

Ni lini, basi, mali itoke mikononi mwake? Madamu akili anayo, hata ikiwa yapungua, mali ni yake, na kuiandikisha kwa majina ya watoto pasi na ridhaa yake ni dhuluma, ijapokuwa yafanywa kwa jina la kuhifadhi. Na hizo saa za uzima ndizo za kufanya mambo matatu. Aandike madeni yake, anayodai na anayodaiwa, mbele ya mashahidi. Aandike wasia wake, kwani Mtume (S.A.W.) hakumpendelea Muislamu mwenye kitu cha kuusia kulala masiku mawili ila wasia wake umeandikwa, na wasia hauzidi thuluthi, wala haumpendelei mrithi juu ya mrithi. Na amteue wakili wa kumsaidia katika biashara, mtu amuaminiye yeye, ambaye si lazima awe ndiye aliye mkubwa au mwenye sauti.

Lakini wajue kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi uwakili huvunjika akili ya mwenye kuwakilisha ikiondoka. Siku hiyo mwana hawi msimamizi wa mali ya babake kwa kuwa ni mwana tu. Waende kwa kadhi wapate uwongozi wa sharia, na katika sheria ya Kenya kumwekea msimamizi wa mali mtu aliyepotewa na akili ni kazi ya mahakama. Twajua watu huona uzito wa kwenda huko. Uzito huo ni mwepesi kuliko wa Siku ya Kiyama, na ndio unaozuia ndugu kuuana kwa duka. Hali kadhalika, talaka au hiba aitoayo mtu aliyeondokewa na akili haina hukumu, na mwenye kumshika mzee mkono atie sahihi asichokijua amejipakia moto.

NI NINI KINACHOBAKI?

Tumefika kwenye mzizi wa suala. Wako waonao kwamba mtu ni kumbukumbu zake, na zikiondoka basi yeye mwenyewe ameondoka, umebaki mwili. Sisi hatuyaoni hivyo. Mwanadamu amekirimiwa na Mola wake kwa kuwa ni mwanadamu, na aliyoyatenda hayafutiki kwa yeye kuyasahau. Yameandikwa kwa Asiyesahau. Zaidi ya hayo, Mtume (S.A.W.) ametupa bishara kwamba mja akiugua huandikiwa mfano wa amali alizokuwa akizifanya alipokuwa mzima. Na ametueleza pia kwamba kalamu imeondolewa kwa aliyepotewa na akili mpaka akili zimrejee. Yaunganishe mawili haya, ewe ndugu msomaji: dhambi haiandikwi, na mtu huyu aliyekuwa hakosi safu ya mbele yatarajiwa kwa Mola wake kwamba yu ndani ya safu hiyo ilhali amelala kitandani. Ni nani basi wewe na mimi tumwone kuwa amepungua?

Watu wetu husema mzee "amerudi utotoni". Neno hili laonekana la huruma, lakini lina kosa. Mtoto hatudai kitu. Twamlea kwa kuwa ni amana. Mzee atudai: tulipokuwa hatujui kitu, yeye alijua kwa niaba yetu. Mtoto hakuwa na siri, wala cheo, wala haya. Mzee alikuwa nazo zote, na azihisi zinapoguswa hata baada ya kusahau aliyezigusa ni nani. Kumwita majina ya kitoto, kumkemea mbele ya wajukuu, kuzungumza juu yake naye yupo kana kwamba hayupo, yote hayo yamo ndani ya lile "ah" tulilokatazwa katika Sura ya Bani Israil. Na mtazame jinsi aya hizo zilivyowekwa: zimetaja mzazi kufikilia uzee ilhali yuko kwako. Maana yake ni kwamba Mola wetu alijua kuwa hapo ndipo subira yetu itakapokatika.

Huenda ikafika siku akamuuliza mama yenu yuko wapi, ilhali mama amekwisha tangulia mbele ya haki. Msimuongopee kwamba yuko sokoni, wala msimpige kwa khabari ya msiba kila siku kana kwamba ni mpya. Semeni lililo kweli na lisiloumiza: "Leo hatunaye hapa, baba. Tumuombee dua. Tuambie, mlioana mwaka gani?" Atakayeanza kusimulia amekwisha kupoa.

IBADA YAKE NA SIKU ZAKE

Ndugu yetu ameuliza juu ya sala. Jawabu ni kwamba kuirejea Alfajiri kwa kusahau hakuna dhambi. Akisahau sala ilhali akili anayo, ataisali akumbukapo. Akishuku idadi ya rakaa atajenga juu ya iliyo chache na atasujudu sijida ya kusahau. La kheri zaidi ni kumpeleka akasali jamaa, kwani nyuma ya imamu hahitaji kuhesabu. Akila mchana wa Ramadhani kwa kusahau, saumu yake ni sahihi. Na saa zile ambazo akili zimeondoka kabisa, hana faradhi wala hadaiwi kulipa. Wasimsumbue kwa mambo ambayo Mola wake amemsamehe.

Na sala hizi tano ni neema kubwa kwake. Matabibu wahimiza kwamba mgonjwa wa namna hii awe na utaratibu usiobadilika: kuamka, kula, kutembea na kulala kwa saa zile zile. Adhana imekwisha kuzigawa siku zetu tangu zamani. Funguo na tasbihi ziwekwe pahala pamoja daima. Daftari la duka liwe wazi, kila malipo yaandikwe pale pale mbele ya mteja. Atembee kila siku pamoja na mtu. Asiondolewe barazani, kwani upweke humzidishia. Na wenziwe wakisikia kisa kile kile mara ya tatu, wakisikilize kana kwamba ni cha kwanza. Na Yasini aliyoihifadhi utotoni asomewe nayo asome, kwani yaliyotangulia kuingia huwa ya mwisho kutoka.

Neno moja kwa wanaume. Twaona katika majumba yetu kwamba wana hutoa amri na fahari, na mwenye kumkogesha mzee na kukesha naye ni binti au mke wa mwana. Wema kwa wazazi ni faradhi ya mwana mwenyewe. Mkeo akimhudumia babako ni ihsani yake, nawe wawia kumshukuru na kumpokea zamu. Mwenye kuuguza naye ni mtu wa kuuguzwa. Apate usingizi, apate siku ya kupumzika, na jamaa wachange gharama kwa haki.

Na neno jingine kwa jamaa wa misikiti. Twapendekeza katika kila msikiti wateuliwe watu wawili watatu wa kujua ni wazee gani wa mtaa walioanza kusahau, wawatembelee, na wawarudishe majumbani wakipotea. Haihitaji fedha wala jengo. Yahitaji kwamba tuache kuona haya kusema.

Basi ndugu zetu wa Mukuyuni, rejeeni kwa baba yenu katika saa yake ya uzima, mkae naye nyote wanne, mumpeleke kwa tabibu kwa ridhaa yake, na mumuulize yeye mwenyewe anataka nini kwa siku anazozikhofia. Kisha myaandike aliyoyasema, na myatimize. Yeye amekwisha kuwapa mizani: anapojua, mumsikilize, asipojua, mumlinde.

Mtume wetu alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu asirejeshwe katika umri ulio dhaifu kabisa, nasi twajikinga kwa alichojikinga nacho. Ee Mola wetu, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea, utupe subira juu ya wanaosahau, na tutakapokuwa sisi ndio wenye kusahau, utupe wa kutukumbusha kwa upole. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.